Asali ya kuuza mpakani huanza na maua kabla ya mizinga

Na Mwandishi wa Biashara

Biashara ya asali kati ya Tanzania na nchi jirani imewavutia watu wengi ambao si wafugaji wa nyuki. Wamo wenye malori, wenye maduka ya jumla, mawakala wa forodha na wakulima wenye mashamba makubwa. Wengi huanza kwa njia moja: hununua mizinga 50 au 100, huitundika, kisha husubiri asali.

Baada ya mwaka mmoja baadhi yao hukuta nusu ya mizinga ni mitupu. Wengine hupata asali, lakini ikifika mpakani au kwa mnunuzi huwa imeanza kuchacha na kutoa povu, na shehena hukataliwa. Lawama huelekezwa kwa fundi wa mizinga, kwa dereva au kwa ofisa wa mpakani. Mara nyingi chanzo kiko nyuma zaidi, kwenye maua ambayo hayakuwepo au kwenye masega yaliyovunwa kabla ya wakati.

Makala haya yanaeleza jinsi nyuki wanavyotegemea mimea, mambo ambayo ufugaji wa nyuki hudai kwa vitendo, na yale ambayo mfanyabiashara na msafirishaji wanapaswa kuyajua kabla ya kuweka fedha zao.

Tanzania ina nafasi gani

Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa asali barani Afrika, ikiifuata Ethiopia. Makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa miaka mingi yamekuwa karibu tani 30,000 za asali kwa mwaka. Maeneo yanayojulikana zaidi ni misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Kigoma, pamoja na vichaka vya Itigi mkoani Singida.

Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 ilikadiria kwamba nchi ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kila mwaka. Tofauti kati ya tani 138,000 na tani 30,000 ndiyo inayowavuta wawekezaji. Wengi huisoma kama upungufu wa mizinga. Wakiona asali ni chache, hujibu kwa kununua mizinga zaidi.

Hesabu hiyo ina kasoro. Mzinga ni chombo cha kuhifadhia tu, na kinachozalisha asali ni maua. Ukiongeza maghala bila kuongeza mavuno, unachopata ni maghala matupu.

Asali hutoka wapi

Nyuki hukusanya vitu viwili vikubwa kutoka kwenye maua. Cha kwanza ni mbochi, yaani maji matamu ya ua, ambayo ndiyo hugeuzwa kuwa asali. Cha pili ni chavua, ule unga wa ua, ambao ni chakula cha kukuzia majana, yaani watoto wa nyuki. Mbochi ukikosekana hakuna asali. Chavua ikikosekana hakuna nyuki wapya, na kundi hupungua hata kama lina asali ya akiba.

Nyuki mmoja hubeba takriban miligramu 40 za mbochi anapojaza tumbo lake. Mbochi una maji mengi ambayo lazima yakaushwe ndani ya mzinga. Tukichukua kwamba kilo mbili za mbochi hutoa kilo moja ya asali, basi kilo hiyo moja inahitaji safari 50,000 za nyuki wenye mzigo kamili. Kila safari hugusa maua makumi kadhaa. Msafirishaji anaelewa maana yake: umbali kati ya mzinga na maua ni gharama ya mafuta. Maua yakiwa mbali, nyuki hula njiani sehemu ya kile wanachobeba.

Kwa kawaida nyuki huruka hadi kilomita tatu kutoka kwenye mzinga, na huweza kwenda mbali zaidi wakilazimika. Duara la kilomita tatu kila upande ni zaidi ya hekta 2,800, au karibu ekari 7,000. Hilo ndilo shamba halisi la mfugaji wa nyuki, hata kama hati yake inasema ana ekari mbili. Majirani wakikata miti au wakinyunyizia sumu, wanafanya hivyo ndani ya shamba lake.

Hapa ndipo swali la kupanda maua hujitokeza. Je, bustani ya nusu ekari ina maana yoyote katika ekari 7,000? Kwa wingi wa asali, bustani peke yake haitoshi. Kundi la nyuki hula lenyewe makumi ya kilo za asali kwa mwaka, na bustani ndogo haiwezi kulilisha. Faida ya bustani ni tofauti: hujaza miezi ambayo msitu hauna maua.

Miezi ya njaa

Miombo ina misimu miwili mikubwa ya maua. Mti wa muba huchanua kuelekea mwisho wa mvua, na asali yake huvunwa kati ya Mei na Julai. Mti wa mtundu na ndugu zake huchanua kabla ya mvua kuanza, kati ya Agosti na Novemba, na kuleta mavuno ya mwisho wa mwaka. Tarehe husogea kulingana na mvua, lakini mpangilio ni huo.

Katikati ya misimu hiyo kuna miezi ya njaa. Mvua kubwa zinaponyesha, nyuki hawatoki na mbochi huoshwa. Kiangazi kikali kinapoingia, maua hukauka na maji huwa mbali.

Nyuki wetu wa Kiafrika wana tabia ambayo nyuki wa Ulaya hawana kwa kiwango hicho. Chakula kikipungua au wakisumbuliwa, kundi zima huhama. Huacha masega na kwenda kutafuta mahali pengine. Mmiliki aliyekuja Julai akakuta mizinga 50 imejaa, akirudi Februari anaweza kukuta 20 tu ina nyuki. Hakuna aliyemwibia. Nyuki wamefuata maua.

Kwa hiyo mimea inayopandwa karibu na manzuki, yaani mahali mizinga ilipowekwa, kazi yake kubwa ni kuwazuia nyuki wasihame. Kundi lililobaki wakati wa njaa huanza msimu wa maua likiwa na nguvu, wakati kundi jipya linatumia wiki za mwanzo kujenga masega. Tofauti ya mavuno hutoka hapo.

Nini cha kupanda

Kanuni ni rahisi: chora kalenda ya miezi 12, andika ni mimea gani ya eneo lako huchanua kila mwezi, kisha panda kwa ajili ya miezi iliyobaki wazi. Wazee wa kijiji na warina asali wanaijua kalenda hiyo kuliko kitabu chochote. Mimea ifuatayo hutumika sana katika ukanda huu:

- Kalandra, ambayo pia ni malisho mazuri ya mbuzi na ng'ombe wa maziwa. Huchanua kwa muda mrefu wa mwaka mahali penye unyevu.

- Mlonge, unaokua haraka na kuchanua hata mahali pakavu.

- Migunga, kwa maeneo makame. Sifa ya asali ya Baringo na Kitui nchini Kenya imejengwa juu ya miti hii.

- Alizeti, ambayo mkulima anaweza kuipanda kwa awamu ili maua yasiishe kwa wakati mmoja.

- Grivilea, kwenye mipaka ya mashamba ya nyanda za juu.

- Miembe, michungwa, miparachichi na mikorosho, ambayo humpa mwenye shamba mavuno mawili.

- Kivumbasi na mrehani pembezoni mwa bustani. Mimea hii huchanua mfululizo ikipata maji kidogo.

Mikaratusi hutoa mbochi mwingi na wafugaji wengi huipenda, lakini hunywa maji mengi na haifai kupandwa karibu na chemchemi au kijito. Maji yenyewe ni sehemu ya mpango. Beseni pana lenye vijiti au mawe ya kusimamia, likijazwa kila siku wakati wa kiangazi, huwazuia nyuki kwenda kwenye bomba la jirani au kisima cha mifugo.

Kwa mkulima, faida hairudi kwa asali peke yake. Maboga, matango na matikiti hayazai bila wadudu wa kuchavusha. Miparachichi na alizeti huzaa vizuri zaidi nyuki wakiwepo. Mfanyabiashara anayenunua parachichi Njombe au matikiti ya kupeleka ng'ambo ya mpaka ananufaika na kazi ya nyuki hata kama hajawahi kugusa ndoo ya asali.

Dawa za kuua wadudu ndizo hubomoa yote haya kwa siku moja. Shamba lililo kwenye maua lisinyunyiziwe. Ikilazimu, kazi ifanyike jioni nyuki wakisharudi, na wenye mizinga waarifiwe mapema.

Mzinga si mashine

Wauzaji wa mizinga hupenda kuonyesha hesabu nzuri. Tuchukue mfano. Mtu ananunua mizinga 50, anaambiwa kila mmoja utatoa kilo 30. Anaandika kilo 1,500 kwenye daftari. Ndoo ya lita 20 hubeba karibu kilo 28 za asali, kwa hiyo anategemea ndoo 53.

Sasa tuweke hali inayokutwa mara nyingi na wanaoanza. Mizinga 30 kati ya 50 inapata nyuki, na kila mmoja unatoa kilo 15. Jumla ni kilo 450, sawa na ndoo 16. Gharama ya mizinga ni ile ile, usafiri wa kwenda manzuki ni ule ule, mlinzi analipwa vile vile. Mtu huyo hakudanganywa kuhusu ubora wa mzinga. Alichokosa ni kuhesabu nyuki na maua.

Kuna aina kadhaa za mizinga. Mizinga ya magogo na ya magome ndiyo ya asili. Ya magome ina madhara makubwa kwa sababu mti mkubwa huchunwa ganda na kufa. Mzinga wa viunzi vya juu, uliobuniwa nchini Kenya miaka ya 1970, ni rahisi kutengeneza, na upana wa kila kiunzi ni milimita 32 ili uendane na nyuki wetu. Mzinga wa fremu, unaofuata muundo wa Langstroth wa Marekani wa mwaka 1852, hutoa asali safi lakini unahitaji vifaa na ujuzi zaidi. Mzinga ghali kwenye eneo lisilo na maua hautoi chochote, na gogo zuri kwenye msitu mzima hujaa.

Maadui nao ni wengi. Siafu wanaweza kumaliza kundi kwa usiku mmoja, ndiyo maana mizinga hutundikwa kwa waya na nguzo hupakwa grisi. Nyegere huangusha mizinga na kula majana. Nondo wa nta huharibu masega ya makundi dhaifu. Kupe wa nyuki aitwaye varoa aliripotiwa Afrika Mashariki mwaka 2009, ingawa nyuki wetu wameonekana kumvumilia kuliko wa Ulaya. Wezi wa asali hawahitaji maelezo.

Nyuki hawa pia ni wakali. Mizinga isikae karibu na nyumba, mazizi, shule au barabara. Umbali wa mita 200 pamoja na ukuta wa miti hupunguza hatari. Mtu mwenye nyumba mjini Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuwasaidia nyuki afanye kazi ya kupanda maua na aache mizinga. Akitamani sana kufuga, wapo nyuki wadogo wasiouma. Lakini asali yao ina maji mengi kuliko ya nyuki wa kawaida na haiwezi kukidhi kipimo cha asali ya kawaida. Huuzwa kwa bei ya juu kwa wateja wanaoijua, na isichanganywe kamwe na shehena nyingine.

Ndoo inayochacha

Kiwango cha kimataifa cha asali, kinachojulikana kama Codex, kinataka unyevu usizidi asilimia 20. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha asali, EAS 36. Unyevu ukizidi, chachu iliyomo kwenye asali huamka, asali huchacha, na mfuniko wa ndoo huvimba.

Nyuki wenyewe wanajua asali imeiva lini. Wakishaikausha vya kutosha, hufunika matundu ya sega kwa nta nyeupe. Mrinaji anayevuna masega yasiyofunikwa anavuna mbochi nusu. Anafanya hivyo kwa sababu anaogopa kutanguliwa na mwizi, au kwa sababu mnunuzi amekuja leo na analipa kwa ndoo bila kuangalia. Sababu hii ya pili iko mikononi mwa mfanyabiashara.

Makosa mengine ni kuchanganya masega ya majana, kukamua kwa mikono yenye maji, na kuvuna kwa mienge ya moto. Mienge hutia asali harufu ya moshi ambayo haiondoki, na mara nyingi huwasha msitu. Bomba la moshi ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na hasara hiyo.

Mnunuzi wa jumla anatakiwa awe na kipimo cha unyevu kiitwacho refraktomita. Ni kidogo cha kubebeka mfukoni, na tone moja la asali hutoa jibu papo hapo. Majaribio ya kienyeji, kama kuwasha njiti ya kiberiti au kudondosha asali kwenye maji, hayathibitishi kwamba asali haina sukari iliyoongezwa. Hilo hujulikana maabara tu. Vilevile asali kuganda si dalili ya kuchakachuliwa. Asali halisi huganda, na ile ya alizeti huganda upesi zaidi. Asali ya mfugaji aliyewalisha nyuki maji ya sukari karibu na mavuno inaweza kubaki ya maji na kung'aa, na bado isiwe asali safi.

Nta nayo ina soko lake. Kwa uwiano wa makadirio ya sera ya mwaka 1998, kila kilo 15 za asali huambatana na kilo moja ya nta. Masega yaliyokamuliwa huyeyushwa kwa maji ya moto, huchujwa na kugandishwa. Nta haichachi, haimwagiki, na hukaa ghalani muda mrefu. Hata hivyo, sehemu kubwa bado hutupwa porini.

Kwa wasafirishaji

Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Dereva anayehesabu ndoo za lita 20 kama za maji ataona gari la tani 7 linabeba ndoo 350. Kwa asali, ndoo 250 tayari ni tani 7, kabla ya kuhesabu uzito wa ndoo zenyewe. Tofauti hiyo huonekana kwenye mizani, na faini hulipwa na mwenye gari.

Jambo la pili ni joto. Asali ikipashwa joto au ikikaa muda mrefu, kemikali iitwayo HMF huongezeka. Codex inaruhusu miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali inayotajwa kuwa imetoka nchi za joto. Shehena iliyokaa siku nne juani chini ya turubai jeusi inaweza kuvuka kiwango hicho kabla haijafika sokoni. Turubai la rangi nyeupe, nafasi ya hewa juu ya ndoo, na kusafiri usiku husaidia.

Jambo la tatu ni vyombo. Ndoo ziwe mpya za kuhifadhia chakula, zenye mfuniko unaobana. Asali hunyonya unyevu na harufu. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi, mafuta ya taa au dawa ya kilimo huharibu kila kitu. Asali isipakiwe pamoja na samaki wakavu, vitunguu wala mbolea.

Kuhusu mizinga yenye nyuki hai, kazi hiyo ifanyike usiku, milango ikiwa imezibwa kwa wavu unaopitisha hewa, na gari lisisimame ovyo. Nyuki hai hawavushwi mpaka bila kibali maalumu, kwa kuwa husafiri na magonjwa yao. Dereva na utingo akishambuliwa, aondoke haraka huku amefunika uso, asipigane nao. Mtu akivimba koo au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Karatasi za mpakani

Wafanyabiashara wengi hukwama kwa sababu hawajui kwamba nchi jirani zinaiweka asali katika idara tofauti. Tanzania, ufugaji nyuki uko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na misitu, na una Sheria yake ya mwaka 2002. Kenya, nyuki huhesabiwa pamoja na mifugo. Uganda, wako chini ya wizara ya kilimo na ufugaji. Kwa hiyo mtu wa Arusha anayetafuta kibali upande wa misitu hushangaa kuulizwa na upande wa pili kuhusu idhini ya mifugo. Wakala mzuri wa forodha huanza kazi hiyo kabla gari halijapakiwa.

Kwa shehena ndogo, Jumuiya ina utaratibu wa cheti rahisi cha uasilia kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ilimradi ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho husaidia upande wa ushuru wa forodha. Hakiondoi masharti ya afya na ubora, na hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Asali iliyofungashwa yenye alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi moja, kama TBS au KEBS, inapaswa kutambuliwa katika nchi nyingine wanachama kwa mujibu wa sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006. Ndoo isiyo na alama wala lebo haina ulinzi huo.

Vituo vya pamoja vya mpakani, kama Namanga na Holili, vimepunguza foleni kwa kuwaweka maofisa wa pande mbili chini ya paa moja. Ada na tozo hubadilika katika bajeti za Juni, hivyo ni vyema kuuliza upya kila Julai.

Kwa anayefikiria Ulaya, masharti ni makali zaidi. Umoja wa Ulaya hununua asali kutoka nchi zilizo kwenye orodha yake tu, zenye mpango wa kupima mabaki ya dawa na sumu. Nchi nzima inaweza kupoteza soko kwa sababu ya mabaki yaliyopatikana kwenye shehena za wachache.

Mkaa na asali kwenye gari moja

Jambo la mwisho linawahusu wenye magari moja kwa moja. Muba na mtundu, miti inayoilisha biashara ya asali ya magharibi mwa Tanzania, ndiyo pia inayopendwa kwa mkaa. Misitu hiyo hiyo hukatwa kwa kukaushia tumbaku. Taarifa ambayo serikali iliwasilisha Umoja wa Mataifa ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka.

Gari linaloshusha magunia ya mkaa mwezi huu na kupakia asali mwezi ujao linatoa bidhaa mbili kutoka mti mmoja. Mkaa huuzwa mara moja na mti umekwisha. Asali ya mti huo huo ingeuzwa kila msimu kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba gharama ya mti uliokatwa haimo kwenye risiti ya mtu yeyote. Mchoma mkaa hailipi, dereva hailipi, mnunuzi wa mjini hailipi. Hulipwa miaka michache baadaye na mnunuzi wa asali, ambaye hulazimika kwenda kilomita nyingi zaidi ndani kutafuta ndoo zile zile. Mwenye gari anayelalamika kwamba asali siku hizi iko mbali analipa deni hilo kwa dizeli yake.

Mfanyabiashara hana uwezo wa kuzuia ukataji wa miti peke yake, lakini ana uwezo wa kuchagua anakonunua. Vijiji vyenye misitu yao ya hifadhi huilinda pale tu inapowaingizia fedha. Mnunuzi anayerudi kila msimu kijiji kile kile, anayelipa zaidi kwa asali iliyoiva, na anayepeleka ndoo safi kabla ya mavuno, anakipa kijiji sababu ya kumkatalia mchoma mkaa. Kwake mwenyewe anapata shehena inayopita mpakani bila kurudishwa.

Kwa anayetaka kuanza mwaka huu, mpangilio unaofaa ni huu. Kwanza tembea duara la kilomita tatu na uandike kalenda ya maua. Pili, panda mimea ya miezi iliyo wazi na uweke maji. Tatu, anza na mizinga 10, uone ni mingapi itabaki na nyuki baada ya kiangazi. Nne, nunua refraktomita na ndoo safi kabla ya kuongeza mizinga. Kama mizinga minane kati ya 10 imevuka miezi ya njaa ikiwa na nyuki, eneo linakubali na unaweza kuongeza. Kama ni mitatu tu, fedha iliyobaki itumike kwenye miche.